Sultani Aliyekimbilia Uani kwa Jirani

Wajukuu wa Tabata, sogeeni karibu. Leo siwasimulii habari za sungura na fisi. Kisa changu ni cha kweli, kina tarehe na majina. Kilianzia Unguja, kikahamia hapa Dar es Salaam, na mwisho wake mtauona hadi Ulaya. Ni kisa cha mtu aliyeshindwa vita akakimbilia kwa jirani, na mabishano makubwa yaliyofuata: je, aliyeshindwa ni mali ya aliyemshinda, popote atakapojificha?

Mnaposhuka daladala pale Kivukoni, elekezeni macho baharini. Ng'ambo ile, kaskazini, ndiko iliko Unguja. Mwezi Oktoba mwaka 1896 meli ya kivita ya Ujerumani iliingia katika bandari yetu ikiwa imembeba kijana wa kifalme. Jina lake Khalid bin Barghash. Alikuwa sultani kwa siku mbili tu.

Tuanze mwanzo. Baba yake, Sayyid Barghash, alitawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888. Enzi hizo sultani wa Zanzibar alikuwa mkubwa kwelikweli. Karafuu zake na bandari zake zilijulikana mbali. Lakini Wazungu walikuwa wameshaanza kuigawana pwani. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba: Zanzibar iwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na Wajerumani wabaki na bara, ambako ndiko sisi tuliko leo. Wajerumani wakamlipa sultani marki milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani. Tangu hapo, mtu hakuweza kukalia kiti cha usultani Unguja bila Mwingereza kukubali.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla jua halijatua, Khalid alikuwa ameshaingia kwenye jumba la kifalme na watu wake, akajitangaza kuwa sultani. Hakumwomba Mwingereza ruhusa. Alijiona mrithi halali wa kiti cha baba yake. Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, na walimtaka huyo.

Basil Cave, mwakilishi wa Uingereza pale Unguja, alimtumia Khalid ujumbe ashuke. Khalid akakataa. Wakakusanyika watu wapatao 2,800 kumlinda, wengine askari, wengine watumishi wa jumbani, wengine raia wa mjini waliochukua silaha siku hiyo hiyo. Baharini, mbele ya jumba, manowari za Uingereza zikaongezeka hadi zikafika tano, chini ya Admirali Harry Rawson. Khalid akapewa saa ya mwisho: saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27 Agosti, bendera yake iwe imeshushwa.

Saa tatu ikapita, bendera ipo. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Jumba lile lilijengwa kwa mbao nyingi, na ndani yake walijazana watu. Meli ya sultani iliyoitwa Glasgow ilijaribu kujibu mapigo, ikazamishwa palepale bandarini. Dakika zipatazo 38 baadaye kila kitu kilikuwa kimekwisha. Ndiyo maana vitabu vingi huitaja kuwa vita fupi kuliko zote katika historia. Ninyi msiishie kwenye ufupi wake. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa asubuhi ile, na kwa Waingereza aliumia baharia mmoja. Siku hiyo hiyo Hamoud akawekwa kitini. Baadaye waliomuunga mkono Khalid wakatozwa gharama za mizinga ileile iliyowapiga.

Na Khalid? Hapa ndipo kisa chetu kinapoanza hasa.

Khalid alitoroka jumbani na wafuasi wake wapatao 40, wakakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, humohumo Mji Mkongwe. Wakaingia, na lango likafungwa nyuma yao. Nje, Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya sultani, akaweka watu wake wakae macho usiku na mchana. Amri yao ilikuwa moja: Khalid akitia mguu nje, akamatwe. Ndani ya lango, mabaharia 10 wa Kijerumani wenye bunduki nao wakakaa macho, wakimlinda.

Mtaniuliza, kwa nini Waingereza hawakuvunja lango? Walikuwa na manowari, na mchana uleule walikuwa wametoka kulibomoa jumba la mfalme.

Fikirini ugomvi wa watoto hapa mtaani Kimanga. Mmoja amepigwa, anakimbia, anaingia uani kwa mama jirani ambaye hakuwamo kwenye ugomvi. Wanaomfukuza wanasimama mlangoni. Ua ni wa mama huyo; wakiingia kwa nguvu, ugomvi utakuwa na yule mama na nyumba yake yote. Wanachoweza ni kubisha hodi na kusema: "Mama, tutolee huyo." Na mama naye ana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, asimtoe mtoto apigwe hadi aumie. La pili, asimwache mtoto huyo akae uani kwake akiwarushia wenzake mawe kwa juu ya ukuta.

Mambo hayo mawili ndiyo moyo wa sheria yote ninayotaka kuwaeleza. Nchi ambayo haimo vitani ikipokea mtu aliyekimbia vita, haimkabidhi kiholela kwa adui yake, wala haimwachi aendeleze vita kutoka kwake. Inampa hifadhi, na inamzuia.

Waingereza wakabisha hodi. Wakaidai serikali ya Ujerumani iwakabidhi Khalid. Balozi mdogo wa Ujerumani akakataa, na alikuwa na maandishi ya kusimamia. Uingereza na Ujerumani zilikuwa na mkataba wa kukabidhiana wahalifu: mwizi akitoroka kutoka kwangu kwenda kwako, unirudishie. Lakini mkataba huo uliwatoa watu wa makosa ya kisiasa. Mtu aliyegombea kiti cha utawala akashindwa hahesabiwi sawa na mwizi. Khalid alikuwa mtu wa namna hiyo.

Basi wakabaki hivyo. Wiki moja, mbili, tatu. Wale wa nje hawaingii, na wa ndani hatoki. Wajerumani wakasema watamhamishia bara, kwenye nchi waliyoitawala wao, ila kwa ahadi moja: atasafirishwa bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar. Lakini mtu atatokaje nyumbani Mji Mkongwe hadi melini bila kukanyaga ardhi? Kati ya lango na gati kuna njia, na njia ile ilikuwa ya sultani mpya. Hatua moja juu yake, na watu wa Mathews wangekuwa na haki ya kumkamata.

Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler iliingia bandarini. Bustani ya ubalozi ilikuwa na mlango uliotazama bahari. Maji yakikupwa, mbele ya mlango huo palikuwa ufukwe, na ufukwe ni ardhi. Yakijaa, bahari ilifika mlangoni penyewe. Mabaharia wakasubiri maji yajae. Yalipojaa, mashua ya Seeadler ikapigwa makasia hadi kwenye mlango wa bustani. Khalid akanyanyua mguu mmoja kutoka ndani ya ubalozi wa Ujerumani, akauweka ndani ya mashua ya jeshi la Ujerumani. Mguu wa pili ukafuata. Hakuna chembe ya mchanga wa Unguja iliyogusa kiatu chake. Waingereza walibaki wakitazama, kwa sababu hapakuwa na hatua ya kumkamatia. Mashua ikampeleka melini, na meli ikamleta Dar es Salaam.

Nawaambieni mambo haya ya maji na mlango kwa sababu yanaonyesha jinsi sheria inavyofanya kazi. Mtu alihesabiwa salama au mfungwa kwa upana wa hatua moja ya mguu. Na mataifa mawili yenye nguvu, yasiyopendana, yaliiheshimu hatua hiyo.

Hapa Dar es Salaam Khalid alifika mji ulioanzishwa na ndugu wa baba yake. Sayyid Majid, kaka wa Barghash, ndiye aliyeanza kujenga majumba yake kando ya bandari hii miaka ya 1860. Mpwa akaja kuishi kama mgeni wa Wajerumani kwenye mji wa ukoo wake. Aliishi hapa miaka mingi. Alikuwa mkazi wa mji huu Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905, ile inayopita Tabata Relini, wakati huo Tabata yetu ikiwa mbali kabisa nje ya mji.

Wala hakuwa peke yake. Mwezi Aprili mwaka huohuo wa 1896, Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, kusini mwa Mombasa, alishindwa na Waingereza baada ya miezi mingi ya mapigano. Akavuka mpaka na mamia ya watu wake hadi upande wa Wajerumani. Wakapokelewa, lakini kwanza waliweka silaha chini. Yeye pia akawa mkazi wa hapa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, 1897, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaasi Waingereza, akashindwa, akavuka mpaka kwenda upande wa Wajerumani kwenye Ziwa Victoria. Huko akazuiliwa. Lakini Mwanga aliponyoka kizuizini, akarudi na jeshi, akapigana tena na kushindwa tena Januari 1898. Mwaka 1899 akakamatwa na kupelekwa Shelisheli, ambako alifia. Mnaona sasa kwa nini mwenyeji hawezi kufungua mlango tu kisha akalala? Mgeni akirudi vitani kupitia mlango wako, hutaaminika tena kwamba hukuwa na upande.

Sasa nisiwafiche jambo. Wajerumani hawakumlinda Khalid kwa huruma tupu. Mwaka 1896 Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikitazamana kwa jicho baya. Mwezi Januari Kaisari Wilhelm wa Pili alimtumia Rais Kruger wa Transvaal telegramu ya kumpongeza kwa kuwazima wavamizi waliotoka upande wa Waingereza, na London ilikasirika sana. Kuwa na mtu anayedai kiti cha Zanzibar, akiishi Dar es Salaam ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, kuliwafaa Wajerumani. Sheria ilikuwa upande wa Khalid, na maslahi ya mwenyeji yalikuwa upande wake pia. Vitu hivyo viwili vikienda pamoja, mkimbizi analala usingizi. Vikiachana, ndipo tunajua mwenyeji ni mtu wa namna gani.

Mwaka 1907 mataifa yalikutana The Hague, Uholanzi, yakaandika kanuni hizi waziwazi. Nchi isiyo vitani ikipokea wanajeshi wa upande unaopigana, iwazuie, na iwaweke mbali na uwanja wa vita kadiri inavyowezekana. Iwape chakula, nguo na msaada wa kibinadamu. Amani ikirudi, gharama hizo zirudishwe.

Haukupita muda, kanuni hizo zikajaribiwa Afrika. Vita Kuu ya kwanza ilipopamba moto, Wajerumani wa Kameruni waliishiwa risasi. Mwezi Februari 1916 wakavuka mpaka na kuingia Muni, koloni la Hispania, nchi ambayo haikuwa na upande. Walifuatwa na maelfu ya askari Waafrika pamoja na wake zao na watoto. Wahispania wakawapokonya silaha, wakawahamishia kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa leo Bioko. Waingereza na Wafaransa hawakutulia: jeshi zima lililokaa karibu hivyo na Kameruni lingeweza kurudi. Wakaibana Hispania, na Wajerumani wengi wakahamishiwa Hispania kwenyewe, mbali na Afrika. Askari Waafrika na jamaa zao wakabaki kisiwani wakisubiri vita viishe ndipo warudi makwao. Mabishano ya wakubwa yaliamua hata mahali ambapo mama wa Kikameruni angempikia mwanawe chakula cha jioni.

Huku kwetu vita hivyo vilifika pia. Septemba 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam. Ua wa jirani sasa ukawa mikononi mwa yule yule aliyekuwa akibisha hodi. Katika vita hivyo Waingereza walimkamata Khalid. Miaka 20 ya hifadhi ikaishia hapo. Hapakuwa na mkataba wa kusimamia, kwa sababu aliyeusimamia alikuwa ameshindwa. Akapelekwa uhamishoni kwenye visiwa vilivyotawaliwa na Uingereza, Shelisheli na Saint Helena, kisiwa kilekile alikofia Napoleon. Mwisho akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akaishi Mombasa, na huko akafariki mwaka 1927.

Sasa tazameni Ulaya wakati huohuo. Novemba 1918 Ujerumani ilishindwa. Kaisari Wilhelm wa Pili, mfalme ambaye bendera yake ilimlinda Khalid, alifanya alichofanya Khalid: akakimbia. Akavuka mpaka na kuingia Uholanzi, nchi ambayo haikupigana vita ile. Washindi, Uingereza na Ufaransa na wenzao, waliandika katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 227, kwamba Kaisari ashitakiwe mbele ya mahakama maalumu. Januari 1920 wakaitaka rasmi Uholanzi imtoe. Uholanzi ikakataa. Ikasema haikutia saini mkataba huo, na kwamba sheria zake na desturi zake za tangu zamani ni kuwapa hifadhi walioshindwa katika migogoro ya mataifa. Washindi wakarudia ombi, Uholanzi ikarudia jibu. Ila nayo ilimzuia: Kaisari akatakiwa kuishi katika jimbo moja tu, chini ya uangalizi, asijihusishe na siasa za kwao. Akanunua nyumba Doorn, akaishi humo akikata kuni hadi alipofariki mwaka 1941.

Wawekeni watu hao wawili bega kwa bega. Wote walikuwa wafalme, wote walishindwa na Waingereza, wote walikimbilia kwa jirani asiyepigana, na wote walidaiwa. Mmoja alizeeka nyumbani mwake. Mwingine alibebwa kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwenyeji wa Kaisari alisimama hadi mwisho. Mwenyeji wa Khalid aliondolewa. Na Khalid alikuwa mtu wa pwani ya Afrika, mtu wa nchi zilizogawanywa mezani na watu wengine, asiye na taifa la kumtetea. Hilo linauma, na ni haki liume.

Najua swali linalowakaa moyoni. Je, kila aliyeshindwa anastahili kulindwa? Na akiwa mwovu? Watanzania tunalijua swali hilo vizuri. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, Idi Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na akafia Jeddah mwaka 2003 bila kusimama mbele ya hakimu. Familia nyingi za Uganda, na za Kagera kwetu, hazikusikia kesi yake. Hifadhi ya namna hiyo ni kuficha uovu. Ndiyo maana Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unawatoa watu waliotenda uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Aliyegombea kiti akashindwa ni mtu mmoja, na aliyechinja watu ni mwingine. Kazi ya kuwatenganisha ni ya sheria, na wala haifai kuachiwa hasira za mshindi.

Mwaka 1969 nchi za Afrika zilikutana Addis Ababa na kuandika mkataba wao wa wakimbizi. Tanzania imo. Humo mtakuta mambo yaleyale mawili ya uani kwa jirani. Kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, na nchi nyingine isilichukulie kuwa ni uadui. Tena wakimbizi wawekwe umbali wa kutosha kutoka mpakani, wala wasiruhusiwe kuishambulia nchi waliyotoka. Nchi yetu imetenda makubwa kwa kanuni hizi. Mwaka 2014 ilitangaza uraia kwa Warundi zaidi ya 162,000, watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa hapa.

Wajukuu wangu, mkimsikia mtu mtaani au redioni akisema "hawa warudishwe kwao," msikubali upesi na msikatae upesi. Ulizeni: amekimbia nini? Nani anamdai, na anamdai kwa kosa gani? Akirudishwa, atakutana na hakimu au na bunduki? Wengine wenu kesho mtakuwa mahakimu, maofisa wa uhamiaji, wabunge, wanajeshi wa mpakani Kigoma. Kalamu itakapokuwa mikononi mwenu, kumbukeni kwamba sheria haikumlinda Khalid yenyewe; ililindwa na watu waliokubali kuitii, na siku watu hao walipoondoka, naye alikwisha. Itunzeni. Msimkabidhi mtu kwa adui yake kabla ya kuuliza sheria inasema nini, hata kama hana ndugu, hana taifa, wala hana mtu wa kumsemea.